Bakuli la Chainizi

Hajra aliosha mboga ya chainizi, akairudia tena, kwa sababu mchanga wa Bagamoyo hauna haya. Akaikung'uta maji, akaikata, akatwanga kitunguu saumu, akakwaruza tangawizi. Kisha akasubiri mafuta yachemke kwenye karai.

Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga, lakini chainizi ya mtindo wa Kichina haijui methali hiyo. Inataka moto mkali, mkono mwepesi, sosi ya soya kidogo, na mlaji aliyekwisha kunawa. Ikingojeshwa, inalegea. Tangu aolewe, Hajra alikuwa hajawahi kuila yake ingali moto, na alikuwa akiitamani hasa. Kwa Bi Biubwa, mama mkwe wake, mpishi hula mwisho.

Alipokwisha kuikaanga, aliipakua bakulini, akalipeleka sebuleni, mbele ya mama mkwe, mumewe Ausi na Mjomba Msabaha. Aliporudi jikoni kufuata wali, bakuli likamfuata. Lilivuka kizingiti bila kumwaga tone, likatua miguuni pake.

"Mboga imetoka," alisema Mjomba Msabaha.

Hajra akalirudisha. Likarudi jikoni.

Bi Biubwa hakukasirika. Alimpenda mkwe wake. Asubuhi ile ile alikuwa amemsuka nywele.

"Mwanangu, bakuli limekupenda," alisema. "Sisi pia tunakupenda. Basi tukufuate huko huko."

Wakabeba mkeka. Jikoni ni padogo, kwa hiyo walipoketi Hajra alitoka akaketi uani kuwapisha. Bakuli likaanza kujikokota kuelekea mlangoni. Bi Biubwa akaliwekea kiganja ukingoni, taratibu, kama anayemtuliza mtoto asiyetaka kuogeshwa, na wakala.

"Mashallah, mke wangu!" Ausi aliita, mdomo umejaa. "Sikiliza inavyolia!"

Akatafuna kwa nguvu ili naye asikie. Hajra alisikiliza. Ilikuwa inalia vizuri kweli.

Waliposhiba, Bi Biubwa aliondoa mkono. Bakuli likatoka mbio, likampanda Hajra mapajani. Ndani mlikuwa na jani moja na mchuzi uliopoa.

"Tumekubakishia," alisema Ausi, kwa mapenzi kabisa.

Hajra alimpenda mumewe, na jani lile lilimuuma. Alilila, akaliosha bakuli, akalipindua likauke.

Siku hizi mkeka hutandikwa jikoni moja kwa moja. Bi Biubwa hula kwa mkono wa kulia, kama kawaida, na kwa wa kushoto hulishikilia bakuli.