Maktaba Iliyohamia Uani

Mwaka ambao wilaya iliamua kutufungia maktaba, mimi nilikuwa na miaka thelathini na minne, watoto wawili, mume aliyekuwa akijenga maghorofa Urusi, na elimu ya darasa la nane. Hiyo elimu ya darasa la nane ndiyo iliyokuwa ikinikera.

Niliolewa kabla sijamaliza shule. Mwezi wa pili nilikuwa nifanye mtihani wa watu wazima, nipate cheti, kisha niombe kazi ya uuguzi msaidizi kwenye zahanati ya Ak-Jylga, mji wetu mdogo wa milimani. Ila nyumbani kwa mama mkwe hapakuwa na pa kusomea. Msimu wa baridi huwa tunawasha moto chumba kimoja tu. Humo wanangu wanacheza, humo televisheni inapiga kelele, na humo mama mkwe wangu, Mama Kalima, anasokota sufu huku akibishana na kila mtu anayetokea kwenye televisheni.

"Unasoma nini hicho, Saikal?" aliniuliza siku moja.

"Hesabu, mama."

"Hesabu. Kondoo wetu ni kumi na wanane. Vidole vya mikono na miguu unavyo ishirini. Una viwili vya akiba. Unatafuta nini zaidi?"

Basi kila Alhamisi nilikuwa nakwenda maktaba. Ilikuwa jengo la vyumba viwili karibu na posta, na mkutubi wake, Dada Burul, alikuwa amefanya kazi humo miaka thelathini na mmoja. Theluji ikishafunga njia ya mlimani, mji wetu hauna tena pa kwenda, kwa hiyo yeye alikuwa akipanga wiki nzima. Jumatatu anawasomea watoto. Jumanne ni siku ya karatasi: mwenye fomu ya pensheni au hati ya mtoto aliye ughaibuni anakuja kusaidiwa kuijaza. Jumatano wanawake wanashona mazulia ya sufu huku mmoja akisoma kwa sauti. Alhamisi ilikuwa yetu sisi wa mtihani. Jumamosi ilikuwa ya sataranji, na mwenyekiti wake ni Mzee Asanaly, mchungaji mstaafu ambaye kitabu pekee alichowahi kukigusa humo ni kile alichokisukumia chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi.

Mwishoni mwa Novemba, tukiwa katikati ya somo, aliingia Mederbek, mkuu mpya wa utamaduni wa wilaya. Ni mtoto wa hapa hapa mjini. Dada Burul ndiye aliyemfundisha kusoma.

"Dada Burul, makaa ya mawe hayatakuja mwaka huu," alisema, kofia mkononi. "Tunafunga mpaka mwezi wa tatu."

"Hayatakuja, au hamkuyaomba?"

Mederbek aliikagua kofia yake. "Msimu wa baridi nani anasoma, dada? Nimeangalia taarifa."

Dada Burul akatugeukia. "Simameni." Tukasimama, wanawake kumi na mmoja, wengine na penseli mdomoni. "Haya, hao ndio hao 'nani' wako," akamwambia. "Waandike kwenye taarifa."

"Mimi nimetumwa tu."

"Najua. Toka zamani wewe ni mwepesi wa kutumwa."

Tulijitolea kuleta kuni na samadi kavu ya kuwashia jiko kutoka majumbani. Mederbek akakataa. Jengo likiungua, akauliza, nani atawajibika? Kesho yake asubuhi tulikuta kufuli mlangoni, na juu yake karatasi yenye muhuri: ni marufuku mtu yeyote kuingia ndani ya jengo. Dada Burul aliambiwa akapumzike nyumbani.

Hakupumzika. Jumatatu, saa yake ile ile, alisimama kwenye ngazi za maktaba, amejifunga shali mbili, akawasomea watoto. Baridi ilikuwa digrii ishirini chini ya sifuri. Watoto walivumilia robo saa wakirukaruka, kisha wakakimbilia makwao. Jumanne alijaza fomu akiwa amesimama, na kalamu amezibana kwapani ili wino usigande. Sisi wa Alhamisi tulifika sita. Hapakuwa na ubao, kwa hiyo Dada Burul alishika fimbo akaandika sehemu na desimali kwenye theluji, nasi tukazifuata kwa miguu, moja baada ya nyingine, kama watu wanaotafuta pete iliyopotea.

Niliporudi nyumbani sikuwa nazisikia nyayo zangu. Mama Kalima alinivua mabuti, akaitumbukiza miguu yangu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, huku amenuna.

"Nani kakufanya hivi?"

"Hesabu, mama."

"Usinichezee."

Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kuitazama televisheni, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Hiyo karatasi ya mlangoni inasemaje hasa?"

"Marufuku kuingia ndani ya jengo."

"Jengo," alirudia. "Na uani?"

"Uani haikuutaja."

Akanisugua vidole. Kisha akauliza, "Mederbek huyu si ndiye aliyesema kwenye harusi ya kaka yake kwamba hema langu linanuka kondoo?"

"Ndiye."

"Sawa," akasema.

Hema lenyewe ni lile la duara, la sufu nzito, tunalolipandisha malishoni kila kiangazi. Msimu wa baridi hukaa limefungwa ghalani. Jumamosi asubuhi Mama Kalima alilipakia kwenye mkokoteni wa farasi wa Mzee Asanaly, akalipeleka kwenye ua wa maktaba, na wanawake watano wakalisimamisha kwa saa mbili. Ndani tukaweka jiko la chuma, bomba la moshi likitokeza juu, na mazulia chini. Kila nyumba ilileta samadi yake kavu. Ilipofika adhuhuri Mzee Asanaly alikuwa amekwishaanza kumla mtu farasi kwenye sataranji, na jasho linamtoka.

Dada Burul aliingia, akazunguka, akagusa ukuta wa sufu.

"Pazuri," akasema. "Ila vitabu vyangu viko nyuma ya kufuli."

Mimi nilikuwa naitazama sakafu, na nilikuwa na sababu.

"Si vyote," akaendelea polepole. "Saikal, wewe unacho kimoja. Cha magonjwa ya watoto. Mwaka wa tisa huu."

Uso uliniwaka. Nilikichukua mwanangu wa kwanza alipougua kifua, nikaona haya kukirudisha kwa kuwa kilimwagikiwa na chai, na haya hiyo ikazidi kila mwaka. Sikudhani kwamba anakumbuka. Kumbe alikumbuka vyote, vya kila nyumba.

Tulipita mlango kwa mlango siku tatu, mimi na yeye. "Sikuja kugomba," alikuwa akiwaambia watu. "Mliochelewa ndio mmeniokoa." Vitabu vilitoka chini ya mito, nyuma ya makabati, kimoja kilikuwa kikiegemeza dirisha, kingine jalada lake lililiwa na mbuzi. Ajuza mmoja alilia akimkabidhi kitabu alichokiazima marehemu mumewe. Dada Burul alikipokea, akapangusa vumbi, kisha akamwazimisha upya palepale. Jumatano tulihesabu vitabu mia mbili na kumi na tatu ndani ya hema.

Watu walikuwa wengi kuliko wakati wa jengo. Wengine walifuata joto, wengine chai, wengine walitaka tu kuona mwisho wake. Dada Burul hakumwuliza mtu sababu. Alimpa kitabu.

Mederbek alikuja mara ya kwanza peke yake. Mama Kalima alikuwa amekaa mlangoni.

"Ingia au toka," alimwambia. "Unatutolea joto."

"Mama, hema hili liondoke. Ardhi hii ni ya wilaya."

"Na hema ni langu. Wilaya ikiitaka ardhi yake, ije iichukue chini ya hema langu."

Mara ya pili alikuja na polisi. Ilikuwa Jumanne. Polisi aliinama akaingia, akaona foleni ya watu wenye fomu, akavua kofia. "Dada Burul," akasema kwa sauti ndogo, "mama yangu wamemkosea mwaka wa kuzaliwa kwenye pensheni. Nikileta karatasi leo itawezekana?" Akaambiwa akae nyuma ya mwenye shali nyekundu. Mederbek alimsubiri nje nusu saa nzima, kisha akaondoka peke yake.

Katikati ya Januari alirudi na karatasi. Makaa yamepatikana, alisema, na kufuli litafunguliwa, kwa sharti moja: Dada Burul asaini kwamba alikosea na kwamba aliitisha mikusanyiko bila kibali.

Nakiri kwamba mimi nilimwambia asaini. Mtihani ulikuwa umebaki wiki nne, na hemani ukikaa mbali na jiko mgongo unaganda. "Ni karatasi tu, dada," nilimwambia.

"Kazi yangu ni karatasi, Saikal. Nikisaini hii, mwakani watafunga tena, na watakuwa na mwandiko wangu unaosema kwamba walikuwa sahihi." Akaikunja, akamrudishia Mederbek. "Makaa mnayo. Mlango mnao. Fungueni."

Hawakufungua. Basi Jumanne iliyofuata Dada Burul alisimama katikati ya hema akatueleza kwamba raia akiandika barua kwa mkoa, lazima ajibiwe kwa maandishi. Barua moja yenye sahihi mia hujibiwa mara moja tu. Barua mia hujibiwa mara mia.

"Na anayejibu ni nani?" aliuliza Mzee Asanaly.

"Mkoa huzirudisha wilayani. Atajibu mkuu wa utamaduni."

Mzee akasukuma ubao wa sataranji pembeni. "Nipeni kalamu."

Tuliandika wiki nzima, kila mtu kwa maneno yake. Mmoja aliandika kwamba mwanawe ameanza kusoma bila kigugumizi. Mimi niliandika juu ya sehemu na desimali kwenye theluji. Mama Kalima hajui kuandika; nilimwandikia anavyosema, neno kwa neno, na mengine sitayarudia hapa. Ila sahihi alikataa katakata niiweke mimi. Alikaa na Dada Burul mchana kutwa akijifunza herufi sita za jina lake, ulimi nje kama mtoto, na ya mwisho alipoimaliza alisonya, akaitazama tena. Barua zilikuwa tisini na saba.

Wiki ya kwanza ya Februari lori la makaa lilisimama mbele ya maktaba. Mederbek mwenyewe alilifungua kufuli.

"Nimejibu barua hamsini, dada," alisema. "Mkono unaniuma."

"Nimeiona moja. Mwandiko wako bado mbaya," akajibu Dada Burul, na akapita ndani.

Wilaya haikumwacha hivihivi. Alipewa barua ya onyo, na ikatangazwa kwamba atastaafishwa mwezi wa tano. Barua ile aliibandika kwenye ubao wa matangazo, karibu na dirisha, ili kila anayeingia aisome. Nilipomwambia aitoe, ni aibu, aliniuliza aibu ni ya nani.

Mimi nilifaulu hesabu na lugha, nikaanguka fizikia. Nilirudia mwezi wa sita nikapita kwa alama mbili. Sasa niko zahanati mwaka wa tatu, nachoma sindano, na Mama Kalima anawaambia majirani kwamba ni yeye aliyeniambia nisome.

Mkutubi mpya ni msichana mpole, anaitwa Aijarkyn. Oktoba yake ya kwanza kazini alitufuata mimi na Dada Burul sokoni, tukinunua vitunguu, uso umemshuka.

"Wilaya wanasema kila shughuli ya msimu wa baridi niiombee kibali kwanza," alisema. "Nifanyeje?"

"Omba," alisema Dada Burul, akichagua kitunguu, akikirudisha, akichukua kingine.

"Na wakichelewa kujibu?"

"Kwani nilisema usubiri?"