Moyo Kwenye Pindo la Kanga

Usiku wa kuamkia leo niliota niko palepale nilipolala: wodi ya watoto njiti, mwanangu Tusajigwe kifuani, ngozi kwa ngozi, kanga imetufunika sote. Juu yetu kilining'inia kile kisanduku kinachopima moyo bila kumgusa mtoto, maana ngozi yake bado haistahimili gundi ya waya.

Kisanduku kikakohoa. "Mama Tusa, simsikii mwanao. Vurugu zimezidi. Nisipomsikia kabla ya uji wa asubuhi, nitatangaza kwamba hayupo."

"Hayupo vipi? Si huyu hapa!"

"Mimi naamini ninachosikia tu, mama."

Basi tunaanza kumsaka mwenye vurugu. Feni inakiri kwamba inatikisa kanga. Inaomba radhi, inashuka darini na kutoka nje, viatu mkononi. Taa inasema kupepesa ndiyo kazi yake, haijui nyingine, kisha inajifunika shuka. Wodi sasa ni ukumbi wa harusi ya dada yangu. Wageni wameombwa wasitikisike, nao wametulia kwa adabu, wali mdomoni.

"Bado," kisanduku kinasema. "Kuna mtu anapumua."

Naacha kupumua. Wala sioni tabu. Tangu Tusa azaliwe kabla ya miezi yake, nimekuwa nikipumua kwa kuibia.

"Bado. Kuna moyo mkubwa unaufunika mdogo. Ni wako huo. Utoe."

Nautoa. Sisi wanawake kitu cha thamani hukifunga kwenye pindo la kanga, nami naufunga hapo mafundo mawili, nampa Sista Tumpe, muuguzi wa zamu, anishikie.

"Mzito huu, mama," anasema. "Pole."

Kisanduku kinatega sikio.

"Haya, namsikia. Anakwenda... anapunguza mwendo... Amesimama. Anauliza."

"Anauliza nini?"

"Yule jirani yake amehamia wapi."

Nampokonya Sista kanga, nalibana fundo mgongoni pa mwanangu. Nalia bila haya mbele ya wageni wa harusi.

"Wameanza tena," kisanduku kinasema. "Siwezi kuwatenganisha. Nitatangaza wapo."

"Mama Tusa, uji," Sista Tumpe aliniamsha. Feni ilikuwa inazunguka, taa inapepesa, Tusa amelala fofofo.

Pindo la kanga yangu lilikuwa na mafundo mawili. Nikayafungua, ndani hamkuwa na kitu. Tusa akakunja uso, akaanza kutapatapa. Nikayafunga upesi, nikalirudisha pindo mgongoni pake, naye akatulia.