Chui wa Kibanja cha Theopista

"Nirudishie joto langu!"

"Joto lako? Mimi nimechukua moto wangu—"

"Umelihamisha, Ma Theopista, watu wamekuona—"

"—kwenye chungu changu, kichwani kwangu! Si ulitaka kibanja? Basi kaa nacho!"

"Na huyu chui je? Mbuzi wangu wanaisha!"

"Muulize mwenyewe, Ta Ishengoma. Huyo hapo."

Chui alikuwa amelala upande wa pili wa milamula, miti ya mpaka, juu ya umande ulioganda, anawasikiliza.

Hapo ni Kanazi, mwaka ule kahawa ilipopanda bei. Ishengoma alikumbuka ghafla kwamba ardhi yote ile ni nyarubanja yake, na wanaoilima ni wapangaji tu. Matanga ya Anatory, mume wa Theopista, yalikuwa hayajaisha, na kaburi lake liko katikati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Theopista akaambiwa ahame kibanja hicho cha migomba na kahawa, kaburi libaki. Akazoa moto wa mafigani, ule uliowashwa siku alipoletwa bibi harusi na haujazimika tangu hapo. Akautia kwenye chungu pamoja na majivu yake, akahamia kwa dada yake Joviana, ng'ambo ya njia. Jioni ile ile baridi ikashuka kibanjani, ikaishia kwenye milamula. Njiani jua liliwaka kama kawaida. Kibanjani migomba ilisinyaa, na kahawa ikawa nyeusi kabla ya kuiva.

Ishengoma akafungia mbuzi wake humo, ili kibanja kisikae bure. Chui akawafuata kutoka vilima vya Muleba, upande wa Kagoma. Mwanzoni alitetemeka mpaka Theopista akaingiwa na wasiwasi. Huyu akifa, au akirudi kwao, nani atamfilisi Ishengoma? Kila asubuhi alikwenda mpakani kumchungulia, kama mtu aliyebandika chungu jikoni.

Lakini chui alijua kazi yake. Manyoya yalirefuka, yakaota hata katikati ya vidole, akawa hatelezi. Mkia ulinenepa, na akilala anajikunja na kuuzungushia puani. Alikula mafuta kwanza. Nyama aliitundika mtini, na baridi ikaitunza isioze. Watu wakienda misa walisimama kidogo, wakasema amenawiri, wakaendelea na safari.

Tena alikuwa na adabu. Kila alipoua mbuzi, paja moja alilipeleka mlangoni kwa Ishengoma, kama mpangaji yeyote. Ishengoma alilipokea. Mbuzi alikuwa wake, paja lilikuwa lake, lakini kodi ni kodi.

Shauri likafika kwa Bwana Shauri, Mwingereza wa wilaya. Alikuja kutoka Bukoba mjini, akaingia kibanjani peke yake, akavua kofia, akakaa humo muda mrefu anatoa moshi wa baridi mdomoni, kama mtu aliyerudi kwao. Alipotoka akahukumu. Ardhi ni ya Ishengoma, desturi ndivyo inavyosema. Moto ni wa Theopista, ni chombo cha nyumbani. Chui analipa, kwa hiyo asibughudhiwe.

"Na mume wangu?" Theopista akauliza.

"Kaburi limo ndani ya ardhi."

"Kwa hiyo Anatory naye ni wa Ishengoma?"

Bwana Shauri akavaa kofia yake.

Theopista hakulia. Alirudi kwa Joviana, akauchochea moto, na kibanja kikazidi kuganda. Chui akamaliza mbuzi, akahamia kwenye ng'ombe. Watu walingoja Ishengoma aombe radhi. Yeye akanunua blanketi la pili la kuingilia kibanjani. Ng'ombe wa mwisho alipoliwa, Ishengoma alipokea paja, akalitia chumvi, na kibanja hakukiachia. Siku hiyo Theopista alikula ndizi mpaka akalegeza kanga, kisha akaongeza kuni.

Alasiri moja Bwana Shauri akaja kwa miguu, amevaa koti zito. Alimpita Ishengoma barazani kwake bila kusimama. Joviana akamkaribisha, akampa kahawa ya kutafuna kama mgeni yeyote, naye akaitafuna polepole. Theopista alijua amefuata moto. Akakisukuma chungu nyuma ya miguu yake.

Mzungu hakukiangalia. Aliangalia ng'ambo ya njia, ambako chui alikuwa amejikunja kando ya kaburi la Anatory.

"Ma Theopista," akasema, "siku nikifa, naomba ruhusa yako nizikwe pale, karibu na mumeo."