Mbuzi wa Fundi Cyriaque

Fundi Cyriaque alisali kwa Kirundi na kupatana bei kwa Kinyarwanda, lakini akitaka kugombana alitumia Kiswahili, maana alikulia Buyenzi kule Bujumbura, na huko ndiko ulimi wake ulikonolewa. Aprili ile alikuwa na kila sababu ya kugombana. Nyumba yake ya Kimisagara, ambayo chumba cha mbele ndimo anamoshonea, imekaa chini kabisa ya kilima, na kila mvua ilimshushia tope mpaka kwenye kanyagio la cherehani. Mara ya mwisho alikuja afisa mmoja na kopo la rangi nyekundu. Akatazama tope, akatazama kilima, akasema, "Fundi, likiingia tena napiga X hapa ukutani, nanyi mnahama." Miaka kumi na tisa ya maisha ya mtu, jamani, ifutwe na brashi ya inchi mbili! Tangu hapo kila wingu lilimtoa nje kutazama kilima.

Dawa ilijulikana. Siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mtaa mzima ulipanda juu ukachimba makinga maji kukata mteremko, na kwenye kingo wakapanda mabingobingo, yale majani marefu yenye mizizi ya kushika udongo. Cyriaque hakuchimba sana, mgongo wake una mambo yake, lakini alisimamia kwa kelele mpaka Mukasine, mkuu wa mudugudu, yaani mtaa ule, akamfanya msimamizi rasmi ili anyamaze. Hakunyamaza.

Basi mabingobingo yakaanza kupotea. Leo mashina matatu, kesho matano, yameng'olewa na mizizi yake, yamebaki mashimo. Cyriaque hakuhitaji polisi. Alfajiri mbili mfululizo alikuwa amemwona Connie, mama Ganza wa nyumba ya juu, ameinama pale kingoni na jembe. Na Connie anafuga sungura.

"Sungura wanakula nyumba yangu," alimwambia mkewe Claudette.

"Una hakika?" akauliza Claudette, akielekea uani kumlisha Madamu, mbuzi wao mnene ambaye Cyriaque alimpenda kuliko wakwe zake wote.

"Hakika kabisa! Ngoja nimtegee."

Ijumaa jioni akapanda kilimani na kibunda cha uzi mwekundu, uliobaki kwenye sare za kwaya, akafunga kila shina fundo la kifundi lisilofunguka. Jumamosi asubuhi, siku ya umuganda uliofuata, watu walipofika na majembe yao, mashina tisa hayakuwepo.

Cyriaque alipanda juu ya jiwe. "Majirani! Mwizi iko hapa hapa kati yetu! Nimefunga uzi. Tuzunguke kila banda sasa hivi, na mnyama atakayekutwa na uzi mwekundu, mwenyewe abebe tope lote lililo kwangu, kwa mgongo wake, alirudishe huku juu, na apande upya!"

"Mgongo wake mwenyewe?" Mukasine aliuliza, daftari mkononi.

"Wake mwenyewe! Hata kama ni mwanamke! Andika!"

Mukasine akaandika.

Walianza kwa Connie, bila shaka. Sungura sita walikuwa wakitafuna maganda ya viazi, na hapakuwa na uzi. Connie, aliyelelewa Bukoba na ambaye Kiswahili chake kilikuwa na makali kuliko cha fundi, alijishika kiuno. "Umeridhika, mzee? Au niwapasue matumbo?" Watu wakacheka. Wakapita kwa kuku wa Silvère, wakapita banda moja baada ya jingine, na Cyriaque alizidi kutoka jasho, mpaka mabanda ya majirani yakaisha. Ndipo Mukasine akasema, "Na lako, fundi?"

"Langu? Mimi nanunua majani yangu! Valens muuza majani ananiletea kutoka mbali!"

Madamu alikuwa amesimama uani ametulia, akitafuna. Kwenye ndevu zake ulining'inia uzi mwekundu, na chini ya kwato zake palikuwa na mashina manane mengine, kila moja na fundo lake zuri.

Claudette aliziba mdomo kwa kitenge. "Valens alileta alfajiri," alisema. "Si wewe ulimwambia hutaki takataka za barabarani, unataka yale mazito yenye maji?"

Kumbe Valens alikuwa akipanda njia ya nyuma, anang'oa, kisha anazunguka mpaka barabara kuu ili aingie kwa fundi akihema kama mtu aliyetoka mbali. Valens alitoweka siku hiyo hiyo. Adhabu ikabaki na wa kuibeba.

Magunia kumi na saba ya tope! Mgongo wenye mambo yake ulipanda na kushuka, na watoto walihesabu kwa kuimba. Juu, Connie alimpokea na jembe.

"Mama Ganza," Cyriaque alisema akihema, hathubutu kumtazama usoni, "zile alfajiri ulikuwa unafanya nini hapa?"

"Naziba mashimo. Mabingobingo ya shambani kwangu, yale ya sungura, nimehamishia hapa karibu yote. Unadhani kwa nini sungura wangu wanakula maganda ya viazi?"

Cyriaque alikaa juu ya gunia. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Alishika jembe akapanda mpaka jua likawa utosini.

Jumanne mvua ilinyesha, ile ya kupiga mabati mpaka watu hawasikilizani. Cyriaque alisimama mlangoni na suruali imekunjwa, mkono ukutani, pale pale rangi ingepigwa. Maji yalifika. Yalipita kwenye mtaro mbele ya kizingiti, yakaenda zake, na ndani yake aliona changarawe za chini. Aliingia mvuani mzimamzima akapaza sauti.

"Mama Ganza! Maji iko safi! Iko safi kabisa!"

Dirisha la juu likafunguliwa. "Na Madamu anakula nini?"

"Maganda ya viazi!"

"Hayo ni ya sungura wangu! Mletee kabichi!" Connie akafunga dirisha. Fundi akabaki mvuani, analia na kucheka.