Sehemu ya Pili ya Wimbo wa Ijumaa

Theopista hakuwa mtu wa kuimba. Waliomjua pale Mtaa wa Narung'ombe, Dar, alikouza masufuria na vyombo vya keki kwa miaka kumi na tisa, waliijua sauti yake ya kupatana bei na ile ya kuwafokea wabeba mizigo, basi. Lakini mikono ikiwa na kazi na akili imetulia, kuna kitu kilikuwa kinamtoka puani, mvumo wa taratibu wenye mwendo wa gwaride. Yeye mwenyewe hakuwa na habari nacho.

Aliyemzindua ni Mama Alpesh, bibi wa Kihindi aliyekaa ghorofani juu ya duka, jina lake hasa Jasvanti. Asubuhi moja alishuka kununua chujio, akasimama kaunta akisikiliza.

"Theopista, wimbo wako huu una nini?"

"Shikamoo, mama. Wimbo gani?"

"Marahaba. Huo huo. Miaka yote unafika pale pale, halafu unarudi mwanzo. Mimi niko juu nasubiri uishe, hauishi. Leo maliza, bwana!"

Theopista akacheka. Akaanza upya, safari hii kwa makusudi, akafika pale anapofikaga, akataka kuendelea. Hakukuwa na kitu. Ilikuwa kama kushuka ngazi gizani ukadhani imebaki moja. Akarudia mara mbili, tatu. Mama Alpesh akalipia chujio lake akaondoka, na Theopista akabaki ameshika kitambaa cha kufutia vumbi, akiurudia tangu mwanzo.

Wimbo ulikuwa wa shuleni. Sekondari yao ilikuwa Rombo, juu kabisa, karibu na msitu, mahali ambapo ukungu uliingia darasani bila kubisha hodi. Kila Ijumaa saa tisa alasiri wanafunzi wa sayansi kimu walikuwa na kipindi cha mapishi, na saa hiyo hiyo bendi ya shule ilifanya mazoezi kwenye uwanja uliokuwa chini ya dirisha lao. Jiko lilikuwa na tanuri la kuni na saa ya ukutani iliyokufa tangu kabla wao hawajafika. Mwalimu wao, Mwalimu Rachel, hakuhangaika na saa. Alikuwa akisema, "Keki ikishaingia, sikilizeni bendi. Wakirudia wimbo mara kumi na mbili, chungulieni."

Na kweli keki ziliiva hivyo. Tatizo lilikuwa pale mpiga tarumbeta wa kwanza, kijana anayeitwa Pius, alipokosea, mwalimu wa bendi akawasimamisha wote ili awagombeze. Hapo hesabu ilivurugika. Mwalimu Rachel alikuwa akitoa kichwa dirishani, unga hadi kwenye nyusi: "Mwalimu Jovin! Mnaniunguzia keki!" Na Mwalimu Jovin, aliyeutunga wimbo ule yeye mwenyewe na hakuupa jina, alikuwa akivua kofia na kuinama kama mbele ya askofu.

Theopista aliongoza darasa katika sayansi kimu. Mwalimu Rachel alimwambia aende chuo, akafungue siku moja mahali pake pa kuokea. Kisha baba yake akafariki wiki ya mitihani ya mwisho, na mjomba akamleta Dar kusaidia dukani kwake, hadi alipofungua duka lake mwenyewe. Leo hakuna aliyeuza vyombo vya keki kumzidi mtaa mzima, na oveni ya nyumbani kwake alihifadhia masufuria ya ziada.

Jioni ile alimpigia Jovitha, mwenzake wa darasani aliyebaki kijijini. Jovitha akamtumia picha. Lile jiko sasa lilikuwa stoo ya viti vibovu. Tanuri limebomolewa, dirisha limezibwa kwa matofali. Somo lenyewe lilikosa mwalimu, likafa. Vyombo vya bendi viliuzwa kama vyuma chakavu.

"Na Mwalimu Jovin?" Theopista aliuliza.

"Alishatangulia, mama. Na Mwalimu Rachel pia. Kwani hukusikia?"

"Sikusikia." Akahamishia simu sikio la pili. "Jovitha, ule wimbo wa Ijumaa unaukumbuka?"

Jovitha akauimba kwenye simu. Akafika pale pale, akakwama. "Ee! Kulikuwa na mbele yake bwana, ule mstari wa kupanda juu. Ulikuwaje?"

Usingizi haukumjia vizuri. Bintiye Nice alimshauri autafute mtandaoni, naye akamjibu kwamba kitu kilichopigwa uwanjani Rombo na watoto kumi na wanne wasiokuwa na viatu sawasawa hakiwezi kuwa mtandaoni. Mwalimu Jovin hakuwahi hata kuuweka kwenye karatasi. Aliandika herufi za sol-fa, do-re-mi, ubaoni kwa chaki, kila kundi sehemu yake, wakishashika anafuta.

Ndipo Jovitha akamkumbusha Vitalis. Alikuwa mpiga besi, yule mnene aliyebeba tarumbeta kubwa lililomzidi umbo, na sasa alikuwa na duka la vipuri vya magari mtaa wa Gerezani, hapo hapo Dar. Mwendo wa robo saa kwa miguu! Miaka yote hiyo walikuwa wananunua mboga soko moja.

Ijumaa iliyofuata Theopista alimwachia Nice duka, akavuka barabara ya mabasi ya mwendokasi, akaulizia. Alimkuta Vitalis nyuma ya rundo la maboksi ya breki, miwani juu ya kipara.

"Karibu mama, gari gani?"

"Sina gari. Mimi Theopista. Sayansi kimu."

Vitalis alishusha miwani, akamtazama. Kisha uso wote ukafunguka. "Theo! Theo wa keki! Wee! Ulikuwa unatutupia makombo dirishani!"

"Yalikuwa yameungua."

"Kwetu yalikuwa sikukuu."

Alimtolea stuli, akamwagizia soda. Waliulizana watoto, wakaulizana nyumbani. Mke wa Vitalis alikuwa Moshi akiuguza mama yake. Theopista naye alikuwa peke yake tangu mumewe afariki, mwaka wa sita huu. Hatimaye akasema kilichomleta, na kukisema kwa sauti kukamtia aibu.

Vitalis akatikisa kichwa polepole. "Unamtafuta Pius."

"Simtafuti Pius. Nautafuta wimbo."

"Nilidhani wasichana wote mlimpenda Pius."

"Wengine walimpenda. Mimi nilikuwa na keki tanurini."

Vitalis akacheka, kisha akaacha kucheka. "Pius tulimzika mwaka juzi, Mwanza. Ndiye aliyekuwa na sauti ya juu. Mimi, Theo, nilipewa besi. Naijua besi tu. Wimbo wenyewe nilikuwa nausikia ukipita juu yangu kama ndege."

"Basi niimbie besi."

Vitalis aliwatazama mafundi wake wawili waliokuwa wanafungua injini nje. "Hapa? Mangi mzima, mbele ya vijana wangu?"

"Hapa."

Akakohoa. Akanywa maji. Akaanza kwa sauti ya kifuani, mkono ukipiga boksi la breki: pom, pom, pom-po-pom. Theopista akaingia juu yake na sehemu anayoijua, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na minane akausikia ukiwa na sakafu chini yake. Mafundi wakaacha kazi. Theopista na Vitalis wakatembea pamoja hadi pale wimbo ulipokwama. Theopista akaishia hapo, kwa kuwa mbele yake hakuijua. Vitalis hakuishia hapo.

Aliendelea peke yake, macho ameyafumba, pom-pom, akishuka, akasubiri mapigo mawili, akapanda. Sehemu ya pili nzima ikapita hivyo, sauti ya juu haipo, pengo lake tu likionekana wazi kama mahali kabati lilipokaa miaka ukutani likaondolewa. Theopista alihisi ubaridi wa ukungu shingoni. Alihisi joto la tanuri kwenye mapaja, unga mikononi, na Mwalimu Rachel nyuma yake akihesabu kwa midomo. Alikuwa na miaka kumi na saba na hakuna kilichokuwa kimeungua bado. Machozi yakamtoka, akayaacha.

"Rudia," alisema.

Vitalis akarudia. Mara ya tatu Theopista akajaribu kuweka sauti juu ya besi ile, akibahatisha.

"Sio hivyo," Vitalis alisema.

"Wewe unajuaje? Ulikuwa besi."

"Nilikuwa besi, sikuwa kiziwi. Sio hivyo. Ila pale mwisho ulikaribia."

Mteja akaingia kutafuta beringi ya gari la Noah, ikabidi waache. Theopista akaaga. Vitalis akamsindikiza hadi barabarani, akasimama mikono mifukoni.

"Utarudi?"

"Ijumaa."

Alirudi Ijumaa ile, na nyingine, na nyingine. Nice alianza kumtania kwamba mama amepata mchumba Gerezani, naye hakujisumbua kubisha. Jumamosi moja alitoa masufuria yote kwenye oveni, akaifuta ndani, akaoka keki moja ya kawaida. Ilipanda upande mmoja. Nusu akampelekea Mama Alpesh, nusu akaipeleka kwa mafundi wa Vitalis, ambao sasa walikuwa wakimsalimia kabla hajafika mlangoni.

Baada ya miezi mitatu walikuwa wamepata mstari mmoja, ule wa kupanda juu. Waliupata kipande kwa kipande, Theopista akitupa sauti, Vitalis akikataa, akikataa, kisha siku moja hakukataa. Aliweka chini kitambaa cha grisi.

"Inafanana," alisema.

"Inafanana, au ndiyo yenyewe?"

Vitalis aliipiga tena besi yake kwa vidole juu ya boksi, hadi mwisho. Nje basi la mwendokasi likapita, vioo vikatetemeka.

"Inafanana, Theo. Zaidi ya hapo sitakudanganya."

Theopista alitazama chini, kisha akavuta stuli yake karibu na maboksi ya breki, akakaa.

"Haya," alisema. "Tuanze tena."