Meza ya Vifungo

Kwenye karakana yetu ya sare za shule, mwanamke akishika mimba huhamishiwa meza ya vifungo. Bosi huiita huruma. Anakuambia pumzika, mama, miguu isivimbe, na kabla hujakaa vizuri cherehani yako imeshapata mtu mwingine. Ukijifungua ukarudi, ni vifungo tena. Dada yangu alihamia huko na mimba ya mwanawe wa kwanza. Mtoto huyo sasa ananyoa ndevu, na dada bado anashona vifungo.

Dada ni mtu wa subira. Mvumilivu hula mbivu, ndivyo alivyoniambia kila nilipofoka. Nikamuuliza mbivu gani, na wewe hata maua hujayaona? Akacheka, akatunga uzi sindanoni. Mimi hasira zangu ziko karibu, wala sioni aibu kusema.

Mimba yangu ilipoanza kuonekana, Bosi alikuwa amepata wateja wa nje. Akanunua cherehani mbili mpya, akazifunika pembeni zisishike vumbi, na akamleta mpwa wake atufundishe Kiingereza baada ya chakula cha mchana. Siku hiyo mwalimu aliandika kitenzi kimoja kwa chaki ya fundi kwenye kitambaa cheusi: ekspekti. Akasema kina kazi nyingi kama mama wa nyumbani. Ukimngoja mgeni aliyeahidi kuja, ni hicho. Ukiona mvua itanyesha, ni hicho. Mwenye kazi akikutaka ufike mapema na hataki mjadala, ni hicho hicho. Na mwanamke mwenye mimba naye husemwa kwa hicho. Wote wakanigeukia mimi na tumbo langu, wakaangua kicheko. Bosi, aliyekuwa mlangoni akichokoa meno, alicheka kuliko wote.

Mwalimu akataka kila mtu atunge sentensi. Nikasimama. Kiingereza changu kilichechemea, lakini kitenzi nilikitumia na maana ilifika: nikirudi na mtoto, natarajia kuikuta cherehani yangu pale pale.

Kicheko kikakatika. Bosi akasema kwa upole kwamba hapo ningetumia neno la kutumaini, ndilo lenye adabu.

"Kutumaini ni kwa anayeomba," nikamwambia. "Wewe ukitutaka tufike saa moja, huwa unatumaini?"

Mwalimu akainamisha kichwa, akasema sentensi haina kosa. Bosi akasema tutaona. Dada akanifinya paja, kwamba nimejiponza mwenyewe.

Sikuhamia meza ya vifungo. Tumbo lilipokua nilisogeza kiti nyuma, likakua tena nikasogeza tena, hadi nikawa nashona nimenyoosha mikono kama mtu anayeota moto. Bosi alikuja, akatazama, akaenda zake. Nikaenda kujifungua nikiwa bado fundi wa cherehani.

Nilirudi na binti yangu mgongoni. Njia nzima nilipanga maneno ya kumwambia yeyote nitakayemkuta kwenye kiti changu, mengine hayasemeki mbele ya mtoto. Nikaingia. Aliyekaa pale alikuwa dada.

Bosi alikuwa ananitazama kutoka meza ya kukatia, ametulia kama mtu aliyeshiba. Nikamwelewa. Alijua naweza kugombana na dunia nzima, ila sitamwinua dada yangu arudi kwenye vifungo. Nilitaka kulia.

Dada akamalizia mshono, akakata uzi, akasimama. Akapangusa kiti kwa kiganja.

"Alitaka kumweka mtu mwingine," akasema. "Nikamwambia anipe mimi. Nilijua mikononi mwangu haitapotea. Kaa, mdogo wangu."

Akachukua mkoba wake akaanza kuelekea meza ya vifungo, kimya kimya kama alivyozoea. Nikamshika mkono, sikukaa.

"Bosi," nikasema, "yangu nimeikuta, ahsante. Sasa tunangoja ya dada."

Bosi akasema mambo hayo ni ya kale, na dada mwenyewe hajawahi kudai chochote. Karakana nzima ikamtazama dada. Nilijua ataniambia ninyamaze.

"Naitarajia leo," dada akasema.

Kisha akaenda pembeni, akaifunua mwenyewe moja ya zile cherehani mpya, akavuta kiti.