Sakafu ya Mzee Kipketer

Jumapili ya kwanza ya Machi, katika kanisa dogo mtaani Free Area, Nakuru, mzee Kipketer alikuwa akipitisha sinia ya Meza ya Bwana sakafu ilipoinama. Iliinama chini yake tu. Waliokaa karibu waliinua miguu, na vikombe ishirini vya maji ya zabibu vikamwagikia sketi nyeupe ya mke wa pasta.

Tangu siku hiyo, kila alipokanyaga paliinama. Mkewe, Linah, akazoea kumjazia kikombe nusu. Majirani hawakushangaa, mtaa ule una nyumba nyingi zilizojengwa ovyo.

Baraza la wazee wa kanisa liliamua kwamba alikuwa amelewa. Kanisani kwao pombe haiguswi, na mtu akiyumba sababu ni moja tu. Mwenyekiti Kibii, huku akishikilia meza isiteleze, aliandika kwamba Kipketer amesimamishwa utumishi mpaka atubu.

Daktari wa zahanati, Natasha, alimwambia Kipketer asimame kwa mguu mmoja, akashindwa. Akamweleza Linah kwamba kwa wazee wengine miguu hutangulia kuyumba na akili hufuata, kwa hiyo amrudishe wiki ileile apimwe kumbukumbu. Linah alisikia vizuri. Lakini kwa miaka arobaini alikuwa mke wa mtu asiyeonja pombe, na neno lile la ulevi lilimchoma. Akaamua jina lisafishwe kwanza, hospitali baadaye. Miezi mitano akazunguka kwa wazee mmoja mmoja, akiwasihi, akiwalilia, siku nyingine akiwagombeza. Kipketer akaanza kumwita kwa jina la dada yake aliyefariki.

Agosti baraza likakubali kuja kumsikiliza nyumbani. Wakati wa maombi ya kufungua, viti viliteleza polepole hadi ukutani na wazee wakiwa wamevikalia. Walisema amina hukohuko. Kisha Kibii akauliza, "Mzee, ile siku ulikuwa umekunywa?"

Kipketer aliitafuta siku hiyo asiione. Alikuwa muungwana, hakupenda kubishana na wageni.

"Kama nyinyi mnasema nilikunywa, basi nilikunywa," alisema. "Mnisamehe tu."

"Baba Zeddy, waambie ukweli," Linah alisema. "Wewe hujawahi kuonja pombe."

Kipketer alimtazama kwa upole, halafu akamwuliza Kibii huyu mama ni wa nani.

Wazee walimsamehe papo hapo. Walimwekea mikono kichwani, wote wakiwa wameegemea upande mmoja, na Kibii akaandika kwamba ametubu. Linah alikaa na mwiko wa kuwapakulia wageni mkononi, akijutia miezi ile mitano.

Jumapili iliyofuata ikatangazwa kwamba kuna mzee mwenzao ameacha pombe, na kanisa zima likapiga makofi. Kipketer naye alisimama akapiga kwa furaha, akimshukuru Mungu kwa ajili ya mtu huyo, na Linah akamshika kiunoni asianguke.